Spika za USB za zamani hazidai draiva: niliyojifunza kwa kuzifufua

Ukichomeka spika za USB za mwaka 1999 au 2001 kwenye kompyuta mpya zikakaa kimya, karibu kila utakayemuuliza atakwambia neno moja: tafuta draiva yake, yaani programu ya kuifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa. Nimeshika spika nyingi za aina hii, zangu na za watu, na ushauri huo nimeuona ukiwapotezea watu siku nzima na mara nyingine ukiwaachia virusi, kwa sababu tovuti zinazojidai kuwa na draiva ya kila kifaa duniani mara nyingi hazina draiva yoyote. Spika nyingi za USB za enzi zile hazina draiva ya kutafuta. Zikinyamaza, tatizo liko kwenye umeme, kwenye waya, kwenye tundu zinakopitia, au kwenye namna kompyuta inavyozipelekea sauti. Yote hayo yanapimika, na mengi yanatibika.

Sababu iko kwenye historia yenyewe. Toleo la kwanza la USB lilitoka Januari 1996, ila watu walianza kuizoea kuanzia 1998, mwaka ambao Apple ilitoa iMac ya kwanza ikiwa imeacha matundu ya zamani ya kibodi na printa na kutegemea USB. Mwaka huohuo, mwezi Machi, ilichapishwa kanuni ya vifaa vya sauti vya USB, toleo la 1.0. Kanuni hiyo inakitaka kila kifaa cha sauti kijieleze kwa lugha moja: nina njia ngapi za sauti, napokea sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) ngapi kwa sekunde, kila sampuli ina biti ngapi, nina kidhibiti cha sauti au sina. Kompyuta inayoielewa lugha hiyo haina haja ya kumjua aliyetengeneza spika. Windows 98 toleo la pili la mwaka 1999 iliielewa, Mac ziliielewa, Linux ikaielewa, na hakuna aliyeisahau mpaka leo. Baadaye yalikuja matoleo ya 2.0 na 3.0 ya kanuni hiyo, lakini hayakulifuta la kwanza. Windows 10 ilipoongezewa draiva ya toleo la 2.0 mwaka 2017, draiva ya toleo la 1.0 ilibaki palepale ilipokuwa. Ndiyo maana SoundSticks za kwanza za Harman Kardon, zile za plastiki angavu za mwaka 2000 ambazo njia yao pekee ya kupokea sauti ilikuwa USB, zinaweza kuzungumza na kompyuta iliyotoka kiwandani mwaka huu.

Zile CD zilizokuwa zikija ndani ya boksi mara nyingi zilibeba kidirisha cha kurekebisha besi na mwangwi, basi. Kuikosa CD hakuifanyi spika iwe bubu.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba unayoshika ni spika ya USB kweli. Ziko nyingi zenye pini ya USB ambayo kazi yake ni kuvuta umeme tu, na sauti yenyewe inapita kwenye waya mwingine wenye pini ya milimita 3.5. Hizo haziwezi kutokea kwenye orodha ya vifaa hata zikiwa mpya kabisa. Nimeletewa spika za namna hii na mtu aliyekuwa ameweka upya Windows yote akidhani mfumo umeharibika, kumbe ule waya wa pili ulikuwa umefungwa kwa mpira nyuma ya spika tangu siku ya kununuliwa.

Jozi iliyonifundisha mengi zaidi ilikuwa ya mjomba wangu: spika mbili ndogo na boksi moja la besi la kukaa chini ya meza. Alizitunza vizuri, kitambaa cha mbele hakikuwa na doa. “Mpwa wangu,” aliniambia, “wameniambia draiva za hizi zilikufa zamani.” Nikamwambia, “Mjomba, niachie kwanza, usizitupe.” Nilikuwa nimeshaona jambo moja lililonipa moyo: zilipochomekwa, kompyuta ilitoa ule mlio wa kuonyesha kifaa kimeingia, na jina la spika likajitokeza kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Kilichokosekana ni sauti tu.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kwamba spika za namna hii zina umeme wa aina mbili. Chipu ya USB, ile inayopokea namba na kuzigeuza kuwa mawimbi, hula volti 5 zinazokuja na kebo kutoka kwenye kompyuta. Amplifaya, ile inayoyakuza mawimbi hayo, hula umeme wa ukutani kupitia adapta yake. Kwa hiyo kompyuta inaweza kuiona spika, ikaipelekea wimbo wote, na chipu ikaupokea wote, huku amplifaya imelala. Ukiona jina lakini husikii kitu, usihangaike na kompyuta kwanza. Geukia upande wa ukutani.

Adapta ya mjomba haikuwa ile ya asili. Ya asili iliharibika, akapewa nyingine yenye pini inayoingia na namba ileile ya volti. Nilipoisoma karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa boksi la besi, karibu na tundu la umeme kulikuwa na alama ya wimbi, yaani umeme wa AC, unaobadili mwelekeo kila mara. Adapta aliyokuwa nayo ilitoa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, ile yenye alama ya mstari mnyoofu na vistari vitatu chini yake. Amplifaya nyingi za wakati ule zilijengwa zipokee AC kutoka kwenye transifoma ndogo, kisha zenyewe zitengeneze pande mbili za umeme, chanya na hasi. Ukizipa DC zinapata upande mmoja tu, na matokeo yake ni kimya kabisa au sauti iliyopasuka. Nilitafuta adapta ya AC yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zilizoandikwa, na besi ya mjomba ikaamka. Tangu hapo alama hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia. Kwenye adapta za DC kuna jambo la ziada la kusoma: ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ukikosea hapo unaweza kuiunguza amplifaya nzima, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Spika zisizo na adapta kabisa zina hesabu nyingine. Tundu la USB la kawaida la enzi zile, na hata la USB 2.0 iliyofuata, linatoa milliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5 za kugawana kati ya chipu na amplifaya. Hapo hakuna akiba. Ukiongeza kebo nyembamba ya kurefusha, volti zinashuka kila besi inapopiga, na zikifika chini ya 4.4 hivi chipu hujizima na kuwaka upya. Msikilizaji anaona spika inakatika kwenye nyimbo nzito na kuimba vizuri kwenye mazungumzo, anadhani ni programu. Toa kebo ya kurefusha, chomeka nyuma ya kompyuta moja kwa moja au kwenye habu (kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa kadhaa) yenye umeme wake, kisha sikiliza tena wimbo uleule.

Sasa kuna zile ambazo kompyuta inasema imeona kifaa kisichojulikana. Watu wengi hukata tamaa hapa, ilhali ujumbe huo una habari njema ndani yake. Ndani ya spika kuna rezista ya omu 1,500 inayouvuta waya wa data uitwao D+ kuelekea volti 3.3. Mvuto huo ndio unaoiambia kompyuta kwamba kuna kifaa, na kwamba kinatumia kasi ya megabiti 12 kwa sekunde; vifaa vya kasi ndogo zaidi, kama kipanya, huvuta waya wa D−. Kompyuta ikilalamika kwamba kifaa hakijulikani, maana yake imeuona mvuto. Umeme unafika na waya mmoja wa data walau uko mzima. Kilichoshindikana ni mazungumzo yanayofuata, pale kompyuta inapouliza “wewe ni nani?” na jibu likaja limekatika. Kama kompyuta haisemi lolote, hata hilo la kutojulikana, basi umeme haufiki au D+ imekatika.

Kwenye Linux, amri ya dmesg inaonyesha mazungumzo hayo. Mstari wa “device descriptor read/64, error -71” nimeuona mara nyingi sana, na kwa spika za umri huu karibu kila mara umenipeleka kwenye waya. Kebo za spika hizi kwa kawaida zimeungwa moja kwa moja ndani, huwezi kuichomoa na kuweka nyingine. Zinakunjwa palepale zinapotokea kwenye boksi, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzi mmoja wa shaba unakatika ndani ya mpira ulio mzima kwa nje. Mimi hushika kebo karibu na boksi na kuikunja polepole huku naangalia dmesg. Ikitokea spika ikajitambulisha kwenye pembe fulani na kupotea kwenye nyingine, jibu limepatikana. Unafungua boksi, unakata sehemu iliyochoka, unaunga upya kwa lehemu: nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, kijani ni D+, nyeupe ni D−. Hizo ndizo rangi za kanuni, lakini pima kwa mita hata hivyo, maana si kila kiwanda kilizifuata. Na usiache nyaya za kijani na nyeupe zikitengana kwa urefu. Zisokote pamoja kama zilivyokuwa.

Waya ukiwa mzima na umeme ukiwa safi, bado liko jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo lililowaokoa wengi zaidi kati ya walioniletea spika: tundu.

Kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na vidhibiti vya USB, yaani chipu zinazoendesha matundu, vilivyojengwa kwa kasi ya megabiti 12, vikiitwa UHCI na OHCI. USB 2.0 ilipokuja na kasi ya megabiti 480, ilikuja na kidhibiti chake, EHCI, ambacho chenyewe hakijui kuzungumza na kifaa cha polepole. Kwa hiyo kompyuta za wakati huo ziliendelea kubeba vidhibiti vya zamani pembeni, au ziliweka habu ya ndani ya kutafsiri. Kisha kikaja xHCI, kidhibiti kimoja kinachobeba kasi zote. Chipuseti za Intel za kizazi cha Skylake, mwaka 2015, ziliiacha EHCI kabisa. Kwenye karatasi, xHCI inazungumza na kifaa cha mwaka 1998 bila shida. Kwa vitendo nimekutana na spika zisizoelewana nayo: zinajibu polepole kuliko inavyotarajia, au zinapewa amri mbili kwa kufuatana haraka zikababaika. Spika hiyohiyo, kwenye laptopu kuukuu, inaimba bila tatizo. Mtu akiona hivyo anasema Windows mpya imeikataa. Hapana, aliyebadilika ni kidhibiti.

Dawa yake ni ndogo kuliko ugonjwa: weka habu ya USB 2.0 katikati. Habu ya USB 2.0 ina mkalimani ndani yake. Upande wa kompyuta inazungumza kwa megabiti 480, upande wa spika inazungumza kwa megabiti 12, na ni habu ndiyo inayobeba subira yote ya kumsikiliza mzee. Kompyuta haiigusi spika moja kwa moja. Nimeona spika zilizotangazwa kufa zikijitambulisha sekunde ileile zilipopitishwa kwenye habu ya aina hiyo, ile nyeusi ya kawaida yenye matundu manne. Habu ya zamani ya USB 1.1 haisaidii, kwa sababu haina mkalimani, inapitisha tu. Na habu nyingi zina mkalimani mmoja kwa matundu yote, kwa hiyo ukichomeka hapohapo maikrofoni ya USB na kifaa kingine cha sauti cha megabiti 12, wote wanagawana njia moja na sauti inaanza kukatika. Mpe mzee habu yake peke yake.

Kwa wanaotumia Linux kuna jambo jingine la kujaribu spika inapogoma kujitambulisha: usbcore, sehemu ya Linux inayosimamia USB, ina kigezo kinachoitwa old_scheme_first, kinachoifanya kompyuta ianze kwa utaratibu wa zamani wa kuuliza maswali. Kimenisaidia mara chache, ila kilipohitajika hakikuwa na mbadala.

Spika ikishajitambulisha, isome. Hii ndiyo tabia ninayomsihi kila mtu aijenge, kwa sababu spika yenyewe inakwambia uwezo wake na watu hawaulizi. Amri ya lsusb yenye -v inatoa maelezo yote. Na faili la stream0 lililo ndani ya /proc/asound, kwenye folda ya kadi husika, linafupisha: biti ngapi, njia ngapi, sampuli ngapi kwa sekunde. Nyingi za zamani zitakwambia biti 16, njia mbili, na sampuli 48,000, au 44,100, au zote mbili pamoja na viwango vya chini. USB ya kasi hiyo hutuma kifurushi kimoja kila milisekunde. Kwa sampuli 48,000, kila kifurushi kinabeba sampuli 48 za kila upande, jumla baiti 192, na hesabu inatoka bila baki. Kwa 44,100 haigawanyiki: vifurushi tisa vinabeba sampuli 44 na cha kumi kinabeba 45, kisha mzunguko unaanza tena. Chipu iliyotengenezwa vizuri inafuata mwendo huo bila kuyumba. Chipu dhaifu inayumba, na sikio linasikia kama ukwaruzo mwembamba juu ya piano au sauti ya mtu mmoja. Kwa sababu hiyo, spika ikikubali vyote viwili, mimi huipa 48,000 na kuiachia kompyuta kazi ya kugeuza. Hesabu za kugeuza si mzigo tena kwa kompyuta ya leo.

Kwenye Windows unaweka hilo kwenye sifa za spika ndani ya mipangilio ya sauti, kichupo cha Advanced. Programu za kawaida hazitaleta tatizo kwa sababu Windows inawageuzia wote kwenda kiwango kimoja. Tatizo huja na programu za muziki zilizowekwa zishike spika peke yao, bila mtu kati. Programu kama hiyo ikiwa na faili la sampuli 96,000 inaipelekea spika ya mwaka 2000 kitu isichokijua, na jibu ni kimya. Kwenye Linux ni vilevile ukiichagua spika kwa jina la hw badala ya plughw: ya kwanza haigeuzi chochote, ya pili hugeuza. PipeWire na PulseAudio, programu zinazosimamia sauti kwenye Linux, nazo hugeuza zenyewe.

Usishtuke pia ukiona kwenye dmesg malalamiko kwamba kompyuta haikuweza kusoma idadi ya sampuli kutoka kwenye spika. Spika nyingi za zamani hupokea amri ya kuweka kiwango lakini hazina jibu zikiulizwa zimewekwa kiwango gani. Zinaimba hata hivyo. Kama malalamiko hayo yanachelewesha kuanza kwa wimbo, snd-usb-audio, moduli ya Linux inayoendesha sauti ya USB, ina kigezo cha quirk_flags, na thamani ya 0x1 inaiambia iache kuuliza.

Sauti kubwa na ndogo ina mambo yake. Kanuni ya 1998 iliruhusu spika iwe na vidhibiti vyake vya ndani: ukubwa wa sauti, besi, treble, kuongeza besi, hata kile cha kunenepesha sauti inapokuwa chini. Zile CD za boksini zilikuwa zikifungua vidhibiti hivyo. Leo Windows mara nyingi itakuonyesha ukubwa wa sauti na kunyamazisha, mengine yakabaki yamefichika, na kama mara ya mwisho mtu aliyaacha mahali pabaya, spika inasikika kama imezibwa. Kwenye Linux fungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, chagua kadi ya spika, na utaona nguzo za besi na treble zimejitokeza zenyewe ikiwa spika inazo. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi sana. Kitu ambacho watu walidhani kimepotea pamoja na CD kilikuwa ndani ya spika muda wote, kikisubiri kuulizwa.

Spika zenye kitasa cha kuzungusha na pia kidhibiti cha kompyuta, weka cha kompyuta juu karibu na mwisho na utumie kitasa. Biti 16 ni chache. Ukizipunguza kwenye kompyuta halafu ukazipandisha kwa kitasa, unapandisha na kelele za chini. Vile vibonye vya kuongeza na kupunguza vilivyo mbele ya baadhi ya spika ni jambo tofauti. Hivyo haviendeshi amplifaya, vinatuma ujumbe kwa kompyuta kama kibodi inavyofanya, na kompyuta ndiyo inayopandisha sauti. Ukivibonyeza ikawa inapanda sauti ya kifaa kingine, weka spika hizo ziwe chaguo la kwanza la sauti.

Mlio wa “pah” kila wimbo unapoanza, au herufi ya kwanza ya neno kumezwa, ni kompyuta inayobana matumizi ya umeme. PulseAudio na PipeWire kwa kawaida huilaza spika baada ya sekunde 5 za kimya. Mfumo nao unaweza kulilaza tundu zima. Spika za kale haziamki haraka, na nyingine haziamki kabisa mpaka zichomolewe. Kwenye Windows zima ulazaji wa matundu ya USB kwenye mipangilio ya umeme, na kwenye Device Manager ondoa ruhusa ya kuzima habu husika. Kwenye Linux, usbcore.autosuspend=-1 inamaliza upande wa tundu.

Mvumo wa chini usiokoma, ule wa hezi 50 au 60 kufuatana na umeme wa ulipo, una vyanzo viwili ninavyovijua vizuri. Jaribu laptopu ikiwa inatumia betri, chaja imechomolewa. Mvumo ukipotea, ni mzunguko wa ardhi: spika na chaja zote zimeshika ukuta, na mkondo mdogo unazunguka kupitia kebo ya USB. Kuna vitenganishi vidogo vya USB vinavyokata njia hiyo, vingi vimejengwa juu ya chipu ya ADuM4160 ya Analog Devices, ambayo mwisho wake ni megabiti 12. Kwa kifaa cha kisasa huo ni upungufu, ila kwa spika hizi ndiyo kasi yao hasa, kwa hiyo havipotezi chochote. Mvumo usipopotea hata kwenye betri, angalia kapasita kubwa za umeme ndani ya boksi la besi. Zikiwa zimevimba juu au zimevuja kahawia chini, wakati wake umefika. Badilisha kwa uwezo uleule na volti sawa au zaidi, pande zikielekea palepale. Chomoa ukutani, subiri, kisha pima kwamba hazina chaji kabla ya kidole chako kufika huko. Na boksi lenye transifoma ya umeme mkuu ndani, kama hujazoea, mpe aliyezoea. Hakuna spika inayostahili kupigwa shoti.

Mwili wenyewe nao huzeeka. Sponji inayozunguka karatasi ya spika huoza na kuwa unga hata ikikaa kabatini, na besi inaanza kukoroma. Sponji mpya huuzwa kwa kipimo cha kipenyo, na kuibandika ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko ufundi. Kitasa kinachokwaruza hutulia kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kikazungushwa mwanzo hadi mwisho mara kadhaa.

Simu nazo zinakubali spika hizi. Android ilianza kupeleka sauti ya USB toleo la 5.0, mwaka 2014. Shida yake ni umeme. Spika hutangaza inahitaji milliampea ngapi, na simu ikiona ni nyingi inaikataa. Habu yenye umeme wake inasuluhisha hilo.

Zipo ambazo sikuweza kuzirudisha kwa njia ya USB. Baadhi ya vifaa vya mwanzo havikufuata kanuni, vilitumia lugha ya mtengenezaji peke yake, na nyingine chipu yenyewe imeungua. Hata hapo amplifaya na spika zenyewe mara nyingi ni nzima, na hazijali sauti imetoka wapi. Kama kuna tundu la milimita 3.5, kifaa kidogo cha kisasa cha USB cha kugeuza sauti kinafanya kazi ya chipu iliyokufa. Kama halipo, fundi anayejua lehemu anaweza kukata njia baada ya chipu na kuingiza sauti hapo. Mjomba alinishangaa nilipomwambia hivyo, akasema afadhali kununua mpya. Kisha akazisikiliza zake tena, akanyamaza, akaniomba nimtengenezee na za shangazi.

Chini ya kila jozi ninayoirudisha hubandika karatasi: adapta ni AC au DC, volti na ampea ngapi, chanya iko wapi, inahitaji habu au haihitaji, inakubali sampuli ngapi, na mwaka niliobadilisha kapasita. Kwenye za mjomba nimeongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: HAKUNA DRAIVA YA KUTAFUTA.